Kiti Kimoja cha Raleigh

Ndugu zangu mlioapa uraia wa Marekani, mkapewa cheti na kibendera, mkapiga picha na watoto waliovaa nguo za sikukuu: maneno haya ni yenu. Nawalenga kwanza mnaoishi North Carolina, Wakongomani wa Greensboro, Watanzania na Wakenya wa Charlotte na Raleigh, Warundi mliofika kupitia kambi za Kigoma. Aliye Texas, Ohio au Maine naye asogee karibu. Nataka kuwasimulia habari za mwanasiasa mmoja wa jimbo ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia. Alihama chama siku moja ya Aprili, na sheria zinazowahusu watu zaidi ya milioni 10 zikaanza kugeuka. Kisha nina ombi.

Jina lake Tricia Cotham. Ni mzaliwa wa Charlotte, mwaka 1978, na siasa aliikuta nyumbani: mama yake, Pat Cotham, alikaa miaka mingi kwenye bodi ya makamishna wa kaunti ya Mecklenburg kwa tiketi ya Democratic. Binti alisomea ualimu, akafundisha, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 28, aliteuliwa kujaza kiti kilichoachwa wazi katika Baraza la Wawakilishi la jimbo.

Tusimame hapo kidogo, maana kiti chenyewe kina kisa. Kilikuwa cha Jim Black, aliyekuwa Spika. Baada ya uchaguzi wa 2002 Republican walikuwa na viti 61 na Democratic 59. Januari 2003 mwakilishi wa Republican kutoka kaunti ya Forsyth, Michael Decker, akatangaza kwamba amehamia Democratic, na hesabu ikawa 60 kwa 60. Bunge likakwama. Mwisho ikabidi spika wawe wawili, Black pamoja na Richard Morgan wa Republican. Miaka mitatu baadaye Decker alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho kwamba alipokea dola 50,000 ili ahame. Akafungwa. Black alijiuzulu Februari 2007, akakiri makosa ya rushwa, akafungwa naye. Kwa hiyo Cotham alianza safari yake kwenye kiti cha mtu ambaye miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kumhonga mhamaji. Siyasemi haya ili kumpaka yeye. Hakuna ushahidi wa hongo dhidi yake na mimi sidai hivyo. Nayasema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mchezo huu ni wa Dodoma, Nairobi na Kinshasa tu.

Kwa miaka kumi Cotham alikuwa Mdemocrat asiyetiliwa shaka. Mwaka 2015, bunge lilipojadili muswada wa kumtaka mwanamke asubiri saa 72 kabla ya kutoa mimba, alisimama akasimulia mbele ya wenzake jinsi yeye mwenyewe alivyolazimika kutolewa mimba kwa sababu za kiafya. Wengi walimkumbuka kwa hotuba hiyo. Mwaka 2016 aligombea Bunge la Marekani, akashindwa katika mchujo wa chama na Alma Adams, akakaa nje ya ulingo akifanya kazi ya ushawishi bungeni na ya kuendesha shule. Akarudi 2022, eneo la uchaguzi namba 112, upande wa mashariki wa Charlotte hadi Mint Hill. Aliwaambia wapiga kura atalinda haki ya kutoa mimba, atatetea haki ya kupiga kura, atapigania kima cha chini cha mshahara. Wakamchagua kwa karibu asilimia 59. Januari 2023 alitia jina lake kwenye muswada wa kuiweka haki ya kutoa mimba ndani ya sheria ya jimbo.

Tarehe 5 Aprili 2023 alisimama kwenye makao makuu ya Republican mjini Raleigh, Spika Tim Moore akiwa karibu yake, akatangaza amehama.

Sababu alizitaja mwenyewe. Alisema chama chake cha zamani kimebadilika hata hakijui tena, kwamba wenzake walimsakama, kwamba alilaumiwa hata kwa kuweka kipicha cha bendera ya Marekani na cha mikono inayosali kwenye mitandao. Wengine walitafuta sababu nyingine. Julai mwaka huo gazeti la New York Times liliripoti kwamba vigogo wa Republican, akiwamo Moore, walikuwa wamemhimiza agombee 2022, alipokuwa bado Mdemocrat. Kila mmoja achukue analoliamini. Mimi naona malalamiko yake ya kutengwa hayakuwa ya kupuuzwa. Chama kinachomwacha mtu wake akae peke yake kantini kisishangae akikaribishwa meza ya jirani. Lakini upweke wa mwakilishi na kura ya mwananchi ni mambo mawili, na la pili ndilo linalotuhusu sisi.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu uzito wote wa kisa uko hapo. Baraza la Wawakilishi la North Carolina lina viti 120. Seneti ina 50. Gavana akiuwekea muswada kura ya turufu, mabunge yote mawili yanaweza kuipindua yakipata tatu ya tano ya waliopo na kupiga kura. Seneti Republican walikuwa na 30 kamili, yaani wanatosha. Kwa Wawakilishi walikuwa na 71, na walihitaji 72. Gavana Roy Cooper wa Democratic alikuwa akiishi juu ya kiti hicho kimoja. Cotham alipovuka, ulinzi wake ukaisha mchana ule ule.

Mwezi ukapita. Mei 2023 bunge likapitisha muswada wa kushusha ukomo wa kutoa mimba kutoka wiki 20 hadi 12. Cooper aliuwekea turufu Jumamosi tarehe 13, hadharani, mbele ya umati mjini Raleigh. Jumanne tarehe 16 Seneti ikaipindua kwa 30 dhidi ya 20; usiku huo Wawakilishi nao wakaipindua kwa 72 dhidi ya 48. Waliokaa roshani ya wageni wakapiga kelele za "aibu". Cotham alikuwa miongoni mwa wale 72. Msomaji anaweza kuwa anaipinga haki ya kutoa mimba, na katika makanisa na misikiti yetu wengi wanaipinga. Basi abadilishe mada tu, aweke ile anayoijali yeye. Hoja inabaki ile ile: watu waliambiwa jambo Novemba, wakapata kinyume chake Mei, na kati ya hapo hakuna aliyewauliza.

Yakafuata mengine. Mpango wa serikali kuwalipia watoto karo ya shule binafsi ukapanuliwa hadi kwa familia za kipato chochote, na Cotham alikuwa mmoja wa vinara wa muswada huo. Vuli ile bunge likachora upya ramani za uchaguzi, na eneo lake jipya, namba 105, likaja na wapiga kura wengi zaidi wa Republican kuliko la zamani. Novemba 2024 bunge lilipindua turufu ya muswada uliochanganya mambo mawili kwenye karatasi moja: zaidi ya dola milioni 460 kwa ajili ya karo za shule binafsi, na amri kwa masherifu wote kuwashikilia kwa hadi saa 48 watu wanaotafutwa na idara ya uhamiaji. Masherifu wa kaunti kubwa, wa Mecklenburg akiwamo, walikuwa wamepunguza ushirikiano huo tangu 2018. Ndugu yangu, hiyo ni sheria inayogonga mlangoni kwako au kwa jirani yako. Iliandikwa Raleigh, haikuandikwa Washington.

Sasa tufananishe na nyumbani. Tanzania, ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, ubunge umekwisha. Ndiyo maana mwaka 2017 na 2018 tulishuhudia wabunge wa upinzani wakijiuzulu "kuunga mkono juhudi", wanarudisha kadi jukwaani, wanavalishwa kofia ya kijani ya chama tawala, halafu wanagombea tena kiti kile kile. Kinondoni na Siha zilirudia uchaguzi Februari 2018 kwa staili hiyo. Kenya jambo hili ni la zamani zaidi. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka chama tawala cha KANU kuunda chama chao, KPU, Katiba ilibadilishwa haraka ili kila aliyehama arudi kwa wapiga kura, na Juni ukafanyika ule uliokuja kuitwa uchaguzi mkuu mdogo. Leo ibara ya 103 ya Katiba ya 2010 inashikilia kanuni hiyo hiyo. Kongo nayo ina ibara ya 110 kuhusu mbunge anayekihama chama chake kwa makusudi.

Sisemi kwetu ni peponi. Sheria inayomkamata mhamaji humkamata pia mwenye msimamo: mbunge wa Tanzania Zitto Kabwe alitoka bungeni mwaka 2015 baada ya chama chake kumvua uanachama, si kwa sababu wananchi wa Kigoma walimchoka. Na sheria inaweza kukaa kwenye vitabu ikisinzia, kama tulivyoona kwa wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na chama chao cha Chadema Novemba 2020 na bado wakabaki bungeni. Hata hivyo, aliyekulia huko ana dhana kichwani kwamba kiti ni cha chama, na mwenye kiti akihama, kiti kinarudi. North Carolina hakirudi. Kiti ni cha mtu. Hakuna kifungu cha kumnyang'anya, wala hakuna utaratibu wa wananchi kumwita nyumbani katikati ya muhula kama ulivyo katika baadhi ya majimbo mengine. Ukishampa, umempa miaka miwili.

Inawezekana mtu akahama kwa heshima, na mfano upo hapa hapa Marekani. Januari 1983 Phil Gramm, mbunge wa Texas katika Bunge la Marekani, alipoamua kuacha Democratic alijiuzulu ubunge kwanza. Akagombea upya kama Mrepublican mwezi uliofuata, wakamchagua. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Siasa zake unaweza usizipende hata kidogo, lakini watu wa eneo lake waliulizwa.

Cotham naye hatimaye alikutana na wapiga kura, Novemba 2024, katika eneo jipya. Mpinzani wake, Nicole Sidman wa Democratic, alimtoa jasho; Cotham alishinda kwa tofauti ya kura zaidi kidogo ya 200. Mia mbili! Eneo moja la uchaguzi wa Wawakilishi lina watu takriban 87,000, na yote yaliyosimuliwa hapo juu yangeweza kupewa hukumu na idadi ya watu wanaojaa kwenye ibada moja ya Kiswahili siku ya Pasaka. Sisemi wangepiga upande gani. Nasema wangeamua wao.

Uchaguzi huo huo uliwarudisha Republican kwenye viti 71. Mtu angedhani habari imekwisha. Julai 2025 bunge lilipindua turufu ya gavana mpya, Josh Stein, kwenye muswada mwingine wa kuwabana masherifu kuhusu uhamiaji. Matokeo kwa Wawakilishi: 72 dhidi ya 48. Kura ya 72 ilitoka kwa Carla Cunningham, Mdemocrat wa Mecklenburg, ambaye hakuwa amehama chama wala kurudisha kadi yoyote. Na kabla ya hayo yote, Machi 29, 2023, turufu ya Cooper kuhusu vibali vya bastola ilianguka kwa 71 dhidi ya 46 kwa sababu Wademocrat watatu hawakuwamo ukumbini, Cotham akiwa mmoja wao. Ukimfuatilia mwakilishi kwa rangi ya chama peke yake, utaachwa mbali. Angalia kura, angalia na mahudhurio.

Hapo ndipo ombi langu lilipo.

Mjue mwakilishi wako wa jimbo kwa jina. Tovuti ya Bunge la North Carolina ina sehemu ya kuandika anwani yako. Ukiandika, inakuonyesha nani anakuwakilisha kwenye Baraza la Wawakilishi na nani Seneti, pamoja na simu ya ofisi na namna walivyopiga kila kura. Ramani zimebadilika mara kadhaa, kwa hiyo jina ulilolijua miaka miwili iliyopita huenda si lenyewe. Mpigie. Mtu huyu analipwa dola 13,951 kwa mwaka pamoja na posho, chini ya anavyolipwa kijana wa kupanga maboksi ghalani, na ofisi yake ni ya watu wachache. Simu kumi za wiki moja kuhusu muswada mmoja hazipotei. Kwa hili huhitaji kuwa raia. Mwenye green card, hata aliye katikati ya maombi yake, anaweza kuandika barua, kupiga simu, kukaa roshani bungeni akasikiliza.

Kupiga kura ni jambo jingine, na hapa nasema kwa sauti ya mkubwa wa nyumba: asiye raia asijiandikishe, hata akiletewa fomu na mtu mwenye tabasamu mbele ya duka. Hata kama ni kwa kutokujua, kosa hilo linaweza kukupeleka mahakamani na kukuondoa nchini. Aliyekwisha kula kiapo, ajiandikishe wiki hii. Mwisho ni siku 25 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, unaweza kujiandikisha na kupiga kura siku hiyo hiyo katika kipindi cha kura za mapema, ukiwa na uthibitisho wa anwani yako. Kitambulisho chenye picha sasa kinatakiwa.

Na tusisubiri Novemba. Katika maeneo mengi mshindi hupatikana kwenye mchujo wa chama, kwa kawaida mwezi Machi, wakati wengi wetu tunalalamikia baridi na kusubiri marejesho ya kodi. Ukijiandikisha bila chama, North Carolina inakuruhusu kuchagua ni mchujo wa chama gani utashiriki. Wasio na chama tayari ndio kundi kubwa kuliko yote kwenye daftari la wapiga kura la jimbo. Ukipewa karatasi ya kura, usiishie mstari wa rais. Shuka. Mwakilishi wa jimbo yuko chini huko, baada ya majina ambayo televisheni haiyataji, na ndiye atakayegusa shule ya mwanao, bima yako ya afya ya Medicaid, na sherifu wako.

Wachungaji, maimamu na viongozi wa jumuiya, mna kumbi, mna vipaza sauti, mna vijana wanaotafsiri vizuri kuliko wakalimani wa kulipwa. Waalikeni wagombea wote wa eneo, wa vyama vyote, na msiishie kuwavisha kitenge na kuwalisha sambusa. Swali la kwanza liwe hili, liulizwe mbele ya watu wote, na jibu lirekodiwe: "Ukiamua kuhama chama kabla muhula haujaisha, utajiuzulu na kurudi kwetu, kama Gramm alivyofanya?" La pili: "Ni jambo gani moja ulilotuahidi ambalo hutalipigia kura kinyume hata chama kikikubana?" Atakayezungukazunguka mtamwona. Atakayejibu, mtakuwa na sauti yake kwenye simu zenu atakapokuwa Raleigh.

Bado kuna mama na baba zetu ambao ni raia, wanataka kupiga kura, na Kiingereza cha kusoma hawana. Wengi hukaa nyumbani kwa aibu. Waambieni sheria ya shirikisho inampa haki asiyeweza kusoma kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe: mtoto wake, jirani, mzee wa kanisa. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Amwambie ofisa wa kituo mapema kwamba anahitaji msaada, na mpangeni sasa nani atampeleka.